Ngazija: Zamu ndiyo iliyonyamazisha bunduki

Kila wanajeshi wanapochukua nchi huko Afrika Magharibi, barazani kwetu huzuka swali moja: je, hawa watatoka? Mkubwa wao hutokea kwenye televisheni na magwanda yake, akasema amekuja kuokoa nchi, akataja muda wa mpito, kisha akaahidi kuwa raia watarudishiwa serikali yao. Wazee husikiza wakatikisa kichwa. Vijana huwa na matumaini zaidi, khasa kama aliyepinduliwa alikuwa amekula nchi.

Mimi nikiulizwa swali hilo huelekeza kidole baharini. Hatuna haja ya kwenda hadi Bamako kutafuta jibu. Jirani zetu wa Visiwa vya Komoro, ambavyo sisi watu wa pwani tumezoea kuviita Ngazija vyote kwa jumla, wameusoma mtaala huu wote. Walitawaliwa kwa bunduki, wakatoka, wakaweka utaratibu wa kupokezana madaraka kwa amani, halafu utaratibu huo ukageuzwa na mmoja wa waliousaini. Nimeona wengi wetu tunazijua habari hizi nusunusu, ndio maana leo nataka nizieleze kwa mpangilio.

Visiwa vinne, nchi ya vitatu

Visiwa ni vinne: Ngazija yenyewe, uliko mji mkuu wa Moroni, kisha Nzwani, Mwali na Maore. Wafaransa waliovitawala huviita Grande Comore, Anjouan, Mohéli na Mayotte. Ilipopigwa kura mwishoni mwa 1974, visiwa vitatu vilitaka uhuru, lakini wengi wa watu wa Maore walikataa. Tarehe 6 Julai 1975 uhuru ukatangazwa Moroni. Maore ikabaki chini ya Ufaransa, na tangu 2011 ni mkoa kamili wa nchi hiyo.

Watu hawa si wageni kwetu. Lugha yao na Kiswahili ni ndugu wa damu. Habib Swaleh, aliyeanzisha Msikiti wa Riyadha kule Lamu, asili yake ni Ngazija. Mombasa, Lamu na Unguja kuna nyumba nyingi zenye bibi au babu Mngazija. Kwa hivyo ninaposema "jirani", sisemi kwa heshima tu.

Bunduki ilipokuwa ndiyo kura

Rais wa kwanza, Ahmed Abdallah, mtu wa Nzwani, hakumaliza hata mwezi mmoja. Tarehe 3 Agosti 1975 alipinduliwa, na muda si mrefu Ali Soilih akashika hatamu. Miongoni mwa waliomsaidia Soilih kuimarika alikuwa mamluki Mfaransa, Bob Denard. Mei 1978, Denard huyohuyo akarudi na watu wake usiku kwa njia ya bahari, akampindua Soilih na kumrudisha Abdallah. Soilih aliuawa wiki mbili baadaye.

Kwa miaka 11 iliyofuata Abdallah alikaa ikulu, lakini walinzi wa ikulu walikuwa wa Denard, na sehemu ya fedha zao ilitoka kwa serikali ya makaburu wa Afrika Kusini. Novemba 1989 Abdallah aliuawa kwa risasi ndani ya ikulu yake, na Denard alikuwepo. Jeshi la Ufaransa likaja, Denard akaondoka. Septemba 1995 akarudi tena, safari hii akamkamata Rais Said Mohamed Djohar. Wafaransa wakaja tena wakamtoa.

Ukihesabu mapinduzi yaliyofaulu na yaliyofeli tangu uhuru, idadi inayotajwa sana ni karibu 20. Katika hali kama hiyo, mwanasiasa akishindwa hangoji uchaguzi ujao, kwa sababu hana yakini kama utakuwepo. Hutafuta askari.

Nzwani yachoka

Mwaka 1996 Mohamed Taki Abdoulkarim, mtu wa Ngazija, alichaguliwa kuwa rais. Katiba mpya ya mwaka ule ikazidisha nguvu za rais aliyeko Moroni. Kule Nzwani na Mwali watu walikuwa tayari wana kinyongo. Watumishi wa serikali walikaa miezi bila mishahara, shule na hospitali ziko hoi, na kila uamuzi sharti utoke Moroni. Malalamiko ya mtu wa kisiwa cha mbali na mji mkuu tunayajua sisi wa pwani, hayahitaji mkalimani.

Tarehe 3 Agosti 1997 Nzwani ilitangaza kujitenga, na Mwali ikafuata mwezi huohuo. Wako waliopandisha bendera ya Ufaransa wakaomba kurudi kwa mkoloni, wakiona wenzao wa Maore wana hospitali na mishahara. Ufaransa ikakataa. Taki akapeleka askari Nzwani mwezi Septemba, wakashindwa. Novemba 1998 Taki akafariki, na nafasi yake ikashikwa kwa muda na Tadjidine Ben Said Massounde, mtu wa Nzwani.

Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukawaita wote Antananarivo, Madagascar, Aprili 1999. Mapatano yaliyotoka huko yalikuwa kila kisiwa kipewe madaraka makubwa ya ndani, na urais uzunguke baina ya visiwa. Wajumbe wa Nzwani hawakusaini, wakasema watakwenda kwanza kushauriana na watu wao. Moroni kukachafuka. Watu wenye asili ya Nzwani wakapigwa na kufukuzwa mitaani.

Ndipo tarehe 30 Aprili 1999 mkuu wa majeshi, Kanali Azali Assoumani, akachukua nchi. Alisema anazuia vita vya wenyewe kwa wenyewe, na akaahidi kukaa mwaka mmoja tu.

Kanali alivyotoka kambini

Mwaka mmoja ulipita, Kanali yuko palepale. Lakini wakati ule Afrika ilikuwa imeanza kubadilika. Katika mkutano wa Algiers, Julai 1999, viongozi wa bara waliamua kwamba anayeingia madarakani kwa mapinduzi hatakaa nao meza moja. Mapinduzi ya Komoro yalikuwa miongoni mwa yale ya mwaka huo yaliyowafikisha kwenye uamuzi ule. Mwaka uliofuata, kule Lomé, msimamo huo ukawekwa kwenye azimio. Upande wa pili, viongozi wa kujitenga wa Nzwani nao walikuwa wakibanwa kwa vikwazo.

Kwa hivyo pande zote mbili zilikuwa zimebanwa. Azali alikuwa na jeshi lakini hana uhalali, na Nzwani ilikuwa na kisiwa ambacho hakuna nchi duniani iliyokitambua. Agosti 2000 walikutana Fomboni, mji mkuu wa Mwali, wakatoa tamko la pamoja. Wapinzani wa Moroni na Umoja wa Nchi Huru hawakuridhika, wakiona umoja wa nchi umeuzwa. Mazungumzo yakapanuliwa, na Februari 2001 yakasainiwa Makubaliano ya Fomboni, safari hii wapinzani na wasuluhishi wa nje wakiwemo. Desemba 2001 wananchi wakapitisha katiba mpya kwa kura ya maoni.

Katiba ile ndiyo kiini cha maneno yangu. Ilisema urais wa muungano utakwenda kwa zamu. Awamu ya kwanza kisiwa kimoja, ya pili kingine, ya tatu kingine. Kila awamu miaka minne. Kisiwa chenye zamu hupiga kura ya mchujo peke yake, na watatu wanaoongoza hupelekwa mbele ya wapiga kura wa visiwa vyote, ambao humchagua mmoja. Maana yake, rais lazima atoke kisiwa chenye zamu, lakini hawezi kushinda bila kukubalika na visiwa vingine. Kila kisiwa pia kikapewa rais wake na baraza lake.

Wako waliocheka, na walikuwa na haki ya kucheka. Nchi ya watu chini ya milioni moja ikawa na marais wanne, kila mmoja na ofisi, magari na walinzi. Gharama ilikuwa kubwa, na baadaye, 2009, marais wa visiwa walishushwa wakawa magavana. Lakini mzaha ule ulificha jambo zito. Kwa mara ya kwanza, mtu wa Nzwani au wa Mwali aliyekasirika angeweza kuhesabu kwa vidole mwaka ambao zamu yake ingefika. Mwenye tarehe ana sababu ya kungoja. Asiye na tarehe hutafuta bunduki.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni

Januari 2002 Azali alijiuzulu ili agombee, na Hamada Madi akashika nchi kwa muda. Zamu ya kwanza ilikuwa ya Ngazija, kisiwa chake. Mchujo ukawatoa watatu, Azali na wenzake wawili, lakini wale wawili wakasusia duru ya mwisho ya Aprili wakisema kuna udanganyifu. Azali akatangazwa mshindi na akaapishwa Mei 2002. Kwa hivyo mpito ule ulianza na doa. Mwenye bunduki alivua magwanda, akavaa suti, akaingia mlango wa mbele wa nyumba aliyokuwa ameshaivunja kwa mlango wa nyuma.

Hata hivyo 2006 ikafika, na zamu ikawa ya Nzwani. Umoja wa Afrika ulileta kikosi kulinda usalama wa uchaguzi. Wapiga kura wakamchagua Ahmed Abdallah Mohamed Sambi kwa takriban asilimia 58, na tarehe 26 Mei 2006 Azali akamkabidhi nchi. Tangu uhuru, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa rais wa Komoro kumpa mwenzake kiti kwa amani baada ya uchaguzi. Nchi iliyozoea kubadilisha viongozi kwa mamluki wa usiku ilifanya hivyo mchana, watu wakitazama. Jambo hilo Azali alilifanya, na lazima liandikwe kwa jina lake.

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Mohamed Bacar, rais wa kisiwa cha Nzwani, alikataa kung'atuka 2007 na kujifanyia uchaguzi wake. Machi 2008 majeshi ya Komoro pamoja na ya Umoja wa Afrika, wakiwemo askari wa Tanzania na Sudan, yalishuka Nzwani, na Bacar akakimbilia Maore. Sambi naye alijaribu kurefusha muda wake, kukawa na ubishi mkubwa, khasa Mwali ambako watu waliona zamu yao inaliwa. Lakini uchaguzi ukafanyika mwishoni mwa 2010, na Mei 2011 Ikililou Dhoinine akaapishwa, mtu wa kwanza wa Mwali kuwa rais. Mwali ndicho kisiwa kidogo kuliko vyote. Bila zamu, sioni njia ambayo mtoto wa Mwali angefika pale.

Mei 2016 mzunguko ukarudi Ngazija. Aliyeshinda, kwa tofauti ndogo ya kura na baada ya baadhi ya vituo vya Nzwani kupiga kura upya, alikuwa Azali Assoumani.

Mapinduzi yasiyo na risasi

Kwa katiba iliyokuwepo, Azali angetawala miaka mitano hadi 2021, kisha zamu ingekwenda Nzwani. Haikuwa hivyo.

Aprili 2018 Mahakama ya Katiba ilisimamishwa na kazi zake zikapewa Mahakama ya Juu. Tarehe 30 Julai 2018 kukafanyika kura ya maoni ambayo wapinzani waliisusia. Matokeo rasmi yalikuwa zaidi ya asilimia 90 za "ndiyo". Katiba iliyopitishwa haikufuta zamu moja kwa moja. Ilisema rais aliyeko anaweza kukaa mihula miwili mfululizo ya miaka mitano kabla ya zamu kuhama, ikaiondoa Mahakama ya Katiba na ikafuta nafasi za makamu wa rais watatu, mmoja kutoka kila kisiwa.

Oktoba 2018 vijana wenye silaha wakafunga njia katika mji wa kale wa Mutsamudu, Nzwani, wakapambana na jeshi kwa siku kadhaa. Machi 2019, miaka miwili kabla ya wakati, uchaguzi ukafanyika na Azali akatangazwa mshindi duru ya kwanza. Januari 2024 akashinda tena kwa matokeo yaliyopingwa, vijana wakaingia barabarani Moroni na serikali ikatangaza amri ya kutotoka nje usiku. Sambi, yule aliyekabidhiwa nchi 2006, alihukumiwa kifungo cha maisha Novemba 2022 kwa uhaini, katika kesi ya kuuza uraia wa Komoro kwa wageni. Agosti 2024 Azali alimpa mwanawe, Nour El Fath, madaraka makubwa ya kuratibu kazi za serikali.

Na hapa pana kejeli ya historia. Kuanzia Februari 2023 hadi Februari 2024, mwenyekiti wa Umoja wa Afrika alikuwa Azali. Katika kipindi hicho wanajeshi walipindua serikali za Niger na Gabon, na aliyekalia kiti cha umoja unaowakemea alikuwa mtu ambaye mapinduzi yake yalisaidia kuleta sheria ya kuwakemea.

Maswali matatu ya kumuuliza askari

Kutokana na haya, mimi nina maswali matatu ninayoyatumia kila nisikiapo jeshi likitangaza "mpito". Tarehe ya uchaguzi si miongoni mwake, kwa sababu tarehe ni jambo jepesi kuliahidi na jepesi kulisogeza.

La kwanza: je, mwenye bunduki atagombea? Mkataba wa Afrika wa Demokrasia, Uchaguzi na Utawala, uliopitishwa 2007, unakataza walioipindua serikali kugombea katika uchaguzi wa kurudisha utawala wa kiraia. Sababu yake iko wazi ukiitazama Komoro ya 2002. Refa akivaa jezi, mechi imekwisha kabla ya filimbi. Pamoja na mkataba huo, Mahamat Déby wa Chad aligombea na kushinda 2024, na Brice Oligui Nguema wa Gabon akafanya vivyo hivyo 2025. Mali hata uchaguzi haukuhitajika. Mwaka 2025 Assimi Goïta aliongezewa miaka mitano kwa sheria tu.

La pili: aliyeshindwa amewekewa nini? Komoro walijibu kwa zamu. Nchi nyingine inaweza kujibu kwa ugatuzi wa kweli au kwa kugawana viti vya bunge. Lakini lazima kuwe na jibu. Mpito usiompa mnyonge chochote ni mapumziko tu baina ya mapinduzi mawili.

La tatu: nani mlinzi wa makubaliano? Fomboni ililindwa na mashahidi wa nje, na ndani kukawekwa Mahakama ya Katiba. Tazama mpangilio wa 2018: kwanza ilinyamazishwa mahakama, baadaye ndipo ikaguswa zamu. Mwizi mwenye akili huanza na mbwa.

Najua wapo watakaosema yote haya hayatuhusu, Kenya jeshi halijawahi kutawala, na jaribio la tarehe 1 Agosti 1982 lilizimwa. Ni kweli, na tushukuru. Lakini kilichowasukuma watu wa Nzwani 1997 hakikuwa kupenda askari. Ilikuwa ni hisia kwamba mji mkuu umewasahau na kwamba zamu yao haitafika kamwe. Hisia hiyo haina pasipoti.

Wapo pia watakaomtetea Azali, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema marais watatu wa visiwa vitatu kila mmoja alikuja na mipango yake, hakuna aliyepata muda wa kumaliza barabara wala hospitali, na kwamba miaka kumi inaleta maendeleo kuliko mitano. Huenda. Mimi siwakatalii kwamba zamu ina kasoro. Ninachokataa ni mwenye zamu kubadilisha urefu wa zamu akiwa bado amekalia kiti. Hata watoto wanaopokezana bembea wanajua kuwa aliyeko juu yake siye anayepaswa kuhesabu.

Anayelipa gharama ni mtu wa kawaida. Kutoka Nzwani hadi Maore ni kama kilomita 70 za bahari. Kila mwaka watu hupanda vidau vya injini, wao huviita kwassa-kwassa, wakakimbia umaskini na kukata tamaa, wengine wakiwa na watoto wagonjwa wanaotafuta daktari. Wengi wamezama. Mtu haingii bahari ile usiku ikiwa anaamini kwamba nyumbani mambo yatabadilika.

Muhula wa sasa wa Azali unakwisha 2029. Kwa katiba aliyoipitisha mwenyewe, hapo ndipo zamu inapopaswa kuvuka maji kwenda kisiwa kingine. Wenye jamaa Moroni, Mutsamudu na Fomboni watakuwa wakipiga simu kuuliza hali. Mimi nitawauliza jambo moja tu: jina la mgombea ni la kisiwa gani, na je, ni la ukoo uleule?